Toazi Kubwa la Marobota Jazz

Nyakato, Musoma
2 Oktoba 2023

Mzee Nathanieli Magoti,

Shikamoo. Hunijui. Naitwa Dafroza Majura, nauza dagaa Mwigobero. Jina lako nimelikuta Bunda, kwenye ukuta wa fundi redio, limeandikwa kwa mkono: "Drams kamili na matoazi, za mwaka 1969, zinauzwa na mwenyewe, Butiama." Nilipiga namba iliyokuwa chini yake, akapokea jirani yako, akasema mzee masikio yamefunga, mwandikie tu, Gody kondakta wa basi la Butiama atamfikishia. Basi nakuandikia.

Nazitaka hizo drams. Najua mnunuzi hatakiwi kusema hivyo mapema, lakini nazitaka vibaya. Nimepiga drams za kwaya yetu miaka tisa. Mwaka huu wamenunua kinanda chenye mdundo ndani yake. Ukibonyeza kitufe kinajipigia ngoma chenyewe, hakichoki wala hakiombi nauli. Mimi nimehamishiwa kwenye uimbaji, sauti ya pili. Naimba huku mguu wa kulia unakanyaga sakafu utadhani nafukuza kuku. Nyumbani napiga ndoo, sokoni napiga mizani, mpaka wateja wananiuliza kama nina homa.

Sasa kuna bwana anaitwa Prosper, anaanzisha bendi Bunda. Amenisikia na amenikubali, ila bendi haina drams. Sharti lake nije na zangu. Harusi yao ya kwanza ni Jumamosi tarehe 2 Desemba, na kuna mpigaji wa Mwanza anasubiri nikwame.

Niambie zikoje, na usinifiche kitu.

Dafroza


Butiama
6 Oktoba 2023

Dafroza,

Marahaba. Hapa tupo, tunaitazama mvua na yenyewe inatutazama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka kwa ajili ya huyo kuku.

Drams hizo zilikuwa za Marobota Jazz, bendi ya kiwanda cha pamba pale Bunda. Wiki nzima tulifunga marobota, Jumamosi tulipanda jukwaani na mavumbi ya pamba bado kwenye nywele. Bendi ilipovunjika mimi ndiye nilibaki nazo, kwa sababu wenzangu magitaa yao yalibebeka kwa mkono mmoja na walikuwa na haraka.

Ipo ngoma ya besi, ipo ndogo yenye nyaya chini, mbili za juu, na moja ya miguu mitatu. Zote ni za buluu inayometameta. Ngozi mbili nimebadilisha. Matoazi yapo mawili ya kupiga kwa mguu na moja kubwa. Hilo kubwa ndilo ninalouza, hayo mengine yote ni wasindikizaji wake. Ukiligusa kwa kijiti karibu na kitovu, polepole, linaimba mpaka unahesabu ishirini. Watu waliokuwa bado wanakunywa chai mtaa wa pili walikuwa wakilisikia wanaacha vikombe.

Mimi silisikii tangu mwaka 2013. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisani mke wangu Wankyo hulipiga mara moja mbele yangu, nami namtazama usoni, na huniambia bado linaimba. Ndiyo maana nakuandikia haya bila wasiwasi kwamba nakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Wamekuja wawili kabla yako. Mmoja alitaka kuzikata ziwe meza za bustani ya hoteli. Mwingine alitaka kuzitundika ukutani kwenye baa. Niliwapa maji ya kunywa wakaondoka. Nauza kwa mpigaji. Utakaa, utapiga, mimi nitatazama mikono. Mikono hainidanganyi.

Usije tarehe kumi na nne, siku hiyo ya sikukuu ya taifa mji wetu unajaa wageni na magari, hatutaelewana. Njoo wiki inayofuata.

Nathanieli Magoti


Mwigobero, Musoma
11 Oktoba 2023

Mzee Nathanieli,

Jumamosi tarehe 21 nipo kwako asubuhi, na vijiti vyangu. Nimehesabu siku zilizobaki mpaka najichukia. Akija mtu mwingine hapo katikati, hata kama amekuja na gari lake, mpe na yeye maji.

Dafroza


Butiama
22 Oktoba 2023

Mwanangu Dafroza,

Ni mimi Wankyo, mke wa mzee. Barua hii nimempa Gody kwa mkono wangu mwenyewe, usimwoneshe mtu. Simu sitaki, ile uliyopiga ni ya jirani na huyo hana kifua.

Jana ulipolipiga lile toazi kubwa, nilikuwa mlangoni mwa jiko. Ulisikia ulichosikia. Niliona uso wako ulivyobadilika. Nikakutikisia kichwa, na wewe Mungu akubariki ukanielewa hapohapo, mzee akakuuliza "Linaimba?" ukamwitikia kwa kichwa kwamba linaimba. Nilirudi jikoni nikakaa chini kabisa.

Nikueleze usinifikirie mchawi. Mwaka ule 2013 mzee alikuwa Mwanza kwa ajili ya masikio, miezi mitatu, na huku kwelea kwelea wakaingia kwenye mtama. Unawajua wale ndege, wakitua shamba linageuka rangi. Tulipiga madebe, hawakusikia. Nikachukua toazi, nikalitundika kwenye mti katikati ya shamba, nikawa nalipiga na kipande cha nondo kuanzia jua linatoka mpaka linazama. Wiki mbili! Ndege walihama. Mtama ukapona. Toazi likapasuka, ufa unaanzia kwenye tundu la katikati unatembea kama unywele. Nikalirudisha kwenye mguu wake, nikaweka kitambaa chake juu, nikakaza nati. Nilikuwa nimepanga akirudi tu nimwambie.

Alirudi masikio yamefunga kabisa. Ningemwambia nini tena? Akaniambia, mke wangu, lipige nione uso wako. Nililipiga. Nikacheka nikamwambia linaimba. Tangu hapo nadanganyaga kila Jumapili nikiwa bado na nguo za kanisani.

Chukua tu drams zako, mwanangu. Toazi ukifika nalo Bunda litupe. Asijue.

Mama Wankyo


Butiama
24 Oktoba 2023

Dafroza,

Nakuandikia kwa uzito. Nimelala na jambo hili siku tatu.

Sitakuuzia. Kwenye ngoma ulikuwa sawa, sikatai, niliweka kiganja kwenye besi na mguu wako una heshima. Lakini lile toazi ulilipiga mara tatu, na mara zote tatu ulilishika ukingoni kwa vidole kabla kijiti hakijarudi juu. Ulilizima. Binti yangu, hakuna mpiga drams anayelizima toazi linaloimba vile. Unaliacha liende, mwenyewe unabaki umeshika pumzi. Anayelizima ni mtu anayeogopa kelele, aliyejifunza kwenye madawati ya shule.

Umenipendeza kwa maneno, na mke wangu amekupenda. Lakini hizi nimezitunza miaka thelathini na tisa nikimsubiri mpigaji, na wewe hujawa. Prosper mwambie akupe muda.

Nathanieli Magoti


Nyakato, Musoma
27 Oktoba 2023

Mama Wankyo,

Shikamoo. Mume wako ameniandikia kwamba sijui drams. Kwamba naogopa kelele! Mimi, ninayeshinda Mwigobero kati ya injini za mitumbwi na wanawake wanaogombania beseni la dagaa!

Nililizima kwa sababu lilikoroma, mama. Lile si toazi tena, ni mfuniko wa sufuria ulioanguka. Vidole vyangu viliona aibu kabla yangu. Na sasa kwa kukusitiri wewe nimekosa drams, nimekosa bendi, na mzee mmoja Butiama ataniweka kwenye kumbukumbu zake kama mwongo asiyejua kazi. Usiku sipati usingizi, mchana nawapa wateja vipimo viwili badala ya kimoja.

Mama, sitaki kukugombanisha na mumeo. Lakini mwambie. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla mimi sijamwambia.

Dafroza


Butiama
1 Novemba 2023

Mwanangu,

Usimwambie, nakuomba kwa magoti. Hujui anavyoishi. Redio hasikii, wajukuu wakimpigia simu hawezi, wazee wenzake wamechoka kumwandikia kwenye daftari, wanakaa naye dakika tano wanaondoka. Kitu kimoja tu ndicho bado anakisikia kichwani, na ni hilo toazi. Nikimwondolea na hilo atabaki na nini?

Nimefikiria. Mwandikie kwamba siku ile ulikuwa na kidonda kidoleni, ndiyo maana ulikuwa unakamata vibaya. Atakubali. Atakuita tena upige, na safari hii usilishike, liache tu likorome, yeye hasikii. Halafu utachukua vyako.

Nisaidie kama ni mama yako mzazi.

Wankyo


Mwigobero, Musoma
8 Novemba 2023

Mzee Nathanieli,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara nne, tatu nimefungia dagaa. Hii ya nne naituma hivi ilivyo.

Nimeshauriwa nikwambie kwamba nilikuwa na kidonda kidoleni. Vidole vyangu ni vizima. Siku ile uliniuliza kama toazi linaimba, nikakuitikia kwa kichwa. Nilidanganya. Haliimbi, baba. Ukilipiga linatoa sauti fupi ya kuchanika, halafu linakoroma, halafu kimya. Huwezi kuhesabu hata tatu. Ndiyo maana nililizima. Sikuweza kuliacha liendelee kusema vile mbele yako huku wewe unatabasamu.

Fungua nati iliyo juu yake, toa kitambaa, pitisha ukucha kuanzia tundu la katikati kuelekea nje. Utaukuta ufa.

Ulipasukaje, si langu kusema. Uliza mwenyewe nyumbani, na ukiuliza kumbuka kwamba mtu anaweza kuficha jambo kwa sababu anakupenda na pia kwa sababu anakuogopa, yote mawili kwa wakati mmoja.

Nilipokuwa naandika nilijiambia natafuta ukweli. Si kweli sana. Nataka drams. Tena nataka usiniite mtu asiyejua kazi, hilo limeniuma kuliko kukosa bendi. Hasira ndiyo imeniandikisha. Kama nimekuumiza nisamehe, lakini hicho ndicho masikio yangu yalisikia, na hakuna mwingine atakayekwambia.

Dafroza Majura


Butiama
12 Novemba 2023

Dafroza,

Ameisoma. Ameenda moja kwa moja, nati ilikuwa na kutu akailegeza kwa koleo mpaka mkono ukatoka damu, akatoa kitambaa, akapitisha ukucha. Amenitazama tu. Nimechukua daftari nimemwandikia yote, kwelea, nondo, Jumapili zote, kurasa mbili na nusu. Amesoma amesimama wima, amelifunga daftari, ametoka.

Sasa ni siku ya pili anashinda zizini na ng'ombe. Chakula nampelekea, anakula kidogo, anarudisha sahani bila kuniangalia. Leo ni Jumapili na hakwenda kanisani. Tangu tuoane hajawahi kuikosa Jumapili.

Nimekukasirikia sana. Sijui kama nitaacha.

Wankyo


Nyakato, Musoma
20 Novemba 2023

Mama Wankyo,

Siku nane hakuna barua, na Gody kila akishuka ananioneshea mikono mitupu. Nimemwambia asinioneshee tena.

Mzee anaendeleaje? Nijibu hata kwa mstari mmoja, hata wa matusi. Drams sizitaki tena, au nazitaka lakini si hivi. Prosper amesema yule wa Mwanza ameshafika Bunda, amepanga chumba, anazunguka na vijiti mfukoni. Nikamwambia ampokee. Baadaye nikampigia simu tena nikamwambia asubiri kidogo. Nadhani ananiona kichaa.

Nimewaletea kilo tatu za dagaa, wale waliokauka vizuri. Msipowataka wape jirani.

Dafroza


Butiama
27 Novemba 2023

Dafroza,

Dagaa tumewala. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuchota, basi ujue hasira imeanza kupungua.

Nilikaa zizini siku tano. Nilitaka kumkasirikia Wankyo nikashindwa, kwa sababu ule mtama wa mwaka 2013 niliukuta ghalani niliporudi, na niliula mwaka mzima nikisifu ugali. Alifanya kazi ya bendi nzima peke yake kwa wiki mbili, mbele ya hadhira ya ndege. Nimemwandikia hivyo kwenye daftari. Alilia, nikalia na mimi, tukaonekana wajinga mbele ya ng'ombe.

Kilichoniweka zizini ni jambo jingine. Nilikuwa najiuliza, kama kwa miaka kumi niliambiwa toazi linaimba, ni nini kingine nimeambiwa? Ukiwa kiziwi, watu wanakuwa wema sana. Kila ukiuliza, jibu ni zuri. Mvua ilipiga vizuri, kwaya imeimba vizuri, mtoto ameongea vizuri. Wanakutabasamia, wanakupiga begani, wanaondoka. Unabaki unazunguka ndani ya wema wao kama ng'ombe aliyefungiwa, hujui mlango uko wapi. Tangu masikio yafunge, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia sauti mbaya ni mbaya. Imeniuma, na baadaye nikajiona mtu tena.

Nilikuhukumu vibaya. Mikono yako ilisema kweli, mimi ndiye sikujua kuisoma. Drams ni zako. Mwanangu Revocatus ana lori, Alhamisi analeta mchanga Musoma, atazipakia juu na kuzifunga kwa blanketi. Zitakuwa kwako kabla ya harusi. Toazi kubwa nimelibakiza, si kwa sababu linaimba. Ya mguu ni mazima, tumia hayo mpaka upate jingine.

Nina swali, na drams hazitegemei jibu lake. Kanisani kwetu mimi husoma somo la kwanza kila Jumapili ya tatu ya mwezi. Nimeona watoto mabega yanatikisika nikisoma. Nimeona hata watu wazima wanainama. Nimemuuliza mchungaji, akaandika: "Unasoma vizuri sana, mzee." Nimemuuliza mke wangu, kabla ya haya yote, akaandika hivyohivyo. Sasa hata yeye nikimuuliza anaogopa kuandika chochote. Wewe ulinisikia nikiongea asubuhi nzima. Sauti yangu ikoje?

Nathanieli


Nyakato, Musoma
30 Novemba 2023

Baba Nathanieli,

Drams zimeshuka salama. Ziko hapa sebuleni, zimejaza chumba chote, sina hata pa kuweka mguu. Revo ameacha injini inaunguruma ananihimiza nimalize, kwa hiyo mwandiko uvumilie. Prosper nimempigia, Jumamosi ni mimi.

Swali lako. Nimezunguka nyumba mara mbili kabla ya kushika kalamu. Ningeweza kuandika kama mchungaji, ningekuwa nimemaliza zamani.

Unapaza sana, baba. Uliponikaribisha mlangoni niliruka nyuma. Unaanza sentensi kama mtu anayeita mtumbwi ulio ng'ambo, halafu katikati sauti inakukimbia, inashuka, inashuka, na maneno ya mwisho yanatoka upepo mtupu. Mara nyingine inapanda tena ghafla pasipo sababu. Ndicho wanachocheka watoto. Hawakuchukii. Ni kwamba hawajui lini utapanda na lini utashuka, na wewe pia hujui. Lakini sauti yenyewe, ile iliyo chini ya hayo yote, ni nzuri, nzito, na hilo sikuandikii ili nikupoze.

Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu wazima lini waingie na lini watulie. Jumapili ya tatu ya Desemba nitakuja Butiama. Nitakaa benchi la mbele kabisa, ukiinua macho unanikuta. Kiganja changu kikienda juu, paza. Kikishuka, shusha. Nikikishikilia hapo katikati, endelea hivyohivyo usibadilishe.

Tutajaribu kwanza nyumbani, mbele ya mama. Wakicheka tena kanisani, watatucheka wote wawili.

Dafroza